Kula ni Lazima

Maseno,
3 Septemba 2024

Kwako Baba,

Assalaamu alaykum. Mimi huku chuoni sijambo, nakula, nalala, nasoma, na mvua inatunyeshea kila alasiri bila kukosa. Wewe je? Magoti yanasemaje? Cherehani bado inakwama ikipita kwa kitambaa kizito? Nisalimie majirani wote wa Kondele, hasa Baba Wangechi hapo ng'ambo kwenye duka lake la nafaka.

Utaona nimeandika kwa feltipeni, herufi kubwa za bango la siasa. Ni makusudi. Juzi nilikutumia meseji kuuliza kama umekula, ukanijibu, "Ndiyo, nguo iko tayari, lete mtoto ajaribu." Baba, huoni. Likizo nilikukuta unatafuta tundu la sindano kwa ncha ya ulimi. Daktari alishasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wanatoa moja kwanza, kazi ya nusu saa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na wewe jibu lako ni lile lile, "tutaona." Utaona na nini?

Nimechoka kukubembeleza. Tuamue kwa mchezo. Ile seti yangu ya chesi iko juu ya kabati, ile niliyokufundishia stima ilipopotea wiki nzima. Tucheze kwa barua, Wandera atabeba, si kila mara anapita huku na Probox yake kuleta vitambaa? Nikishinda mimi, unaenda kupasuliwa jicho, na neno "tutaona" lisisikike. Ukishinda wewe, sitataja macho yako tena maisha yangu yote, hata ukinishonea dera lenye mikono mitatu.

Nakuonya mapema. Mimi ni mchezaji wa timu ya chuo. Tena mradi wangu wa mwaka wa mwisho unahusu jinsi presha ya hisia inavyoharibu maamuzi ya mtu akiwa mchezoni. Nimesomea, Baba. Mambo ya kunililia hayatafanya kazi.

Naanza. Askari aliye mbele ya mfalme wangu amesonga hatua mbili.

Mwanao,
Khadijah


Kondele,
6 Septemba 2024

Mwanangu Khadijah,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua imefika salama na sisi tuko salama, alhamdulillahi. Magoti yananung'unika lakini yanakuja kazini. Irungu, Baba Wangechi wako, anakusalimu, na mkewe Rahab amekuwekea maharagwe, anasema wasichana wa chuo mnaishi kwa chipsi.

Kwanza, mbona unanipigia kelele kwa karatasi? Irungu aliisoma barua yako akiwa kwake, ng'ambo ya barabara, malori yakipita katikati. Akanipigia kelele, "Mzee Saleh, ati huoni?" Sasa stendi nzima ya boda inajua mambo ya macho yangu.

Pili, hiyo habari ya mtoto wa jicho. Mtoto niliyemlea mimi ni mmoja tu, na yuko Maseno anajifanya daktari. Naona vizuri. Jicho la kushoto limefunga duka, hilo sikatai, lakini la kulia linafungua asubuhi na kufunga magharibi.

Tatu, nimekubali. Ulifikiri nitaogopa? Mimi drafti nimecheza hapa stendi kwa vifuniko vya soda kabla hujazaliwa, na kwa drafti mdomo tunauhesabu kama kete ya kumi na tatu. Mtu akikaa mbele yangu namuuliza mbona leo mkono unatetemeka. Namuuliza kama kwake wamelala vizuri. Namhurumia kwa sauti mpaka anasogeza kete ambayo hakutaka kuigusa. Hiyo presha unayosomea kwa vitabu, huku tunainywa na chai.

Na sheria zetu unazijua, ulikulia kwenye mapaja yangu nikicheza. Kula ni lazima. Kete ikiwekwa mdomoni unaila, hata ukijua nyuma yake kuna shimo. Zikiwa njia mbili za kula, mwenye kucheza anachagua. Huko kwenu kwa chesi eti mtu anawekewa chakula mezani na anaondoka zake. Sijawahi kuielewa tabia hiyo. Mimi nikikuta, nakula.

Nimepanga ubao kwenye meza ya kukatia. Ngome moja ilipotea, nimeweka kibiringo cha uzi mweusi. Wale maaskofu nimekataa kuwa nao kwa jeshi la mtu anayeswali swala tano. Irungu akasema tuwaite mapadri, nikamwambia hapo umesaidia nini? Mwisho tumekubaliana kila mmoja aitwe Mburu, kwa sababu wanatembea upande upande, na shemeji wa Irungu, aitwaye Mburu, hutembea hivyo akitoka kunywa.

Askari wangu wa mbele ya mfalme naye amesonga hatua mbili. Sasa wanatazamana katikati.

Lile jino lako vipi? Bado unatafunia upande mmoja kama mbuzi mzee?

Babako,
Saleh


Maseno,
10 Septemba 2024

Kwako Baba,

Assalaamu alaykum. Hapa ni salama, natumai kwako pia. Rahab mwambie asante, na chipsi nimepunguza.

Jino liko sawa tu. Usibadilishe mada.

Farasi wangu wa upande wa mfalme ametoka. Anamtolea macho yule askari wako wa katikati. Fikiria vizuri, usikimbilie.

Na kanzu za Maulidi, tafadhali, mwachie fundi mwingine.

Mwanao,
Khadijah


Kondele,
18 Septemba 2024

Mwanangu Khadijah,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Maulidi yamepita vizuri, kaswida ziliimbwa, pilau ililiwa, na watu wa Nyalenda walikuja kwa wingi.

Najua Wandera atakwambia, kwa hivyo bora nikwambie mimi. Kanzu ya mwalimu wa madrasa niliitia tarizi ya shingo upande wa mgongo. Naye ni mtu wa heshima zake. Aliivaa hivyo hivyo, akasimama kuhutubia, na waliokaa nyuma wakadhani wao ndio amewageuzia uso. Wazee wawili wamesema hawajawahi kusikiliza hotuba kwa makini namna ile. Kwa hivyo si hasara.

Sasa niko kwenye suti ya Irungu. Wangechi anaolewa Disemba, na Irungu amesema hatavaa suti ya dukani siku ya kumtoa binti yake wakati jirani yake ni fundi. Rahab alikuja kunong'ona nami kando, "Mzee, una hakika?" Nikamwambia nina hakika. Akaniuliza tena kwa Kikuyu, ambacho sikijui, lakini swali nililielewa.

Askari wa mbele ya malkia wangu amesonga hatua moja, kumlinda mwenzake. Umeona? Sikukimbilia.

Umenyamaza sana kuhusu hilo jino.

Babako,
Saleh


Maseno,
21 Septemba 2024

Kwako Baba,

Assalaamu alaykum. Mimi mzima, lakini baada ya kusoma kuhusu hiyo kanzu nililazimika kukaa chini. Mwalimu wa madrasa ni mtu mzima na moyo wake una kikomo. Suti ya Baba Wangechi itapigwa picha na watu mia mbili! Baba, huu si mzaha tena. Wewe ni fundi. Ukipoteza macho umepoteza kila kitu unachokipenda isipokuwa mdomo.

Askofu wangu (sitamwita Mburu) ametoka na kusimama katikati, anauelekezea macho ubavu wa mfalme wako. Usiseme sikukwambia.

Mwanao,
Khadijah


Kondele,
27 Septemba 2024

Mwanangu mpenzi, tunda la tumbo la marehemu mama yako,

Waalaykum salaam. Sijui niseme mzima au nisiseme. Siku hizi sili vizuri. Jana nilikaa peke yangu na picha ya mama yako Aaliyah, nikamwambia, "Binti yetu ananipiga vita kwa karatasi." Nikamwona kama ananihurumia. Magoti nayo yamezidi. Kama barua hii ina doa hapo chini, usijali, mzazi hulia, ni kawaida.

Sitaki uvunjike moyo katika masomo, lakini pia nataka ujue kwamba mtu anayemshinda babake hapati usingizi mzuri. Nimeuliza watu.

Mburu wangu mmoja ametoka mbio hadi karibu na farasi wako. Nyuma ya farasi yuko nani? Malkia wako! Ukimwondoa farasi hapo, malkia ni wangu, na unajua mimi nikikuta nakula. Boda wote wamepiga makofi. Irungu amefunga duka kwa muda kuja kuangalia.

Mkono wako unatetemeka, nyathina, mwanangu? Huko kwenu mmelala vizuri?

Babako mpweke,
Saleh


Maseno,
1 Oktoba 2024

Kwako Baba,

Assalaamu alaykum. Nafurahi kusikia huli vizuri, kwa sababu hilo doa la machozi linanukia supu ya samaki, ngege, na kuna mwiba umeshikilia hapo pembeni.

Nimenakili barua yako yote kwenye mradi wangu, sura ya pili, chini ya kichwa "Mbinu za Kumtia Mpinzani Huruma." Msimamizi wangu amecheka hadi akatoa miwani. Kwangu haikufanya kazi hata kidogo. Nimelala saa nane za haki.

Farasi wangu wa pili ametoka, yule wa upande wa malkia. Zamu yako.

Mwanao asiyetetemeka,
Khadijah


Maseno,
15 Oktoba 2024

Kwako Baba,

Assalaamu alaykum. Hujajibu. Wandera anasema duka limefungwa na hataki kunieleza kwa nini, anaangalia tu matairi ya gari lake. Nikipiga simu unasema "niko sawa, naandika" na unakata. Nikimpigia Baba Wangechi anasema "muulize babako," na huyo mtu hajawahi kunyamaza tangu nimjue.

Kama ni mbinu ya mchezo, si nzuri. Tafadhali andika.

Mwanao,
Khadijah


Kondele,
18 Oktoba 2024

Mwanangu Khadijah,

Waalaykum salaam. Niko hai, mwanzo ujue hilo. Hii si mbinu.

Nilijishona. Nilikuwa kwenye mkono wa suti ya Irungu, mguu ukakanyaga, na kidole nilichodhani kiko pembeni kilikuwa chini ya sindano. Irungu alikuja akaizungusha cherehani kwa mkono mpaka sindano ikatoka, halafu yeye ndiye akazirai. Rahab ametufunga bandeji wote wawili, mimi kidoleni, mumewe kichwani alipojigonga kwa meza. Kucheka tumecheka. Lakini usiku huo nilikaa nikaona aibu, Khadi. Kidole changu mwenyewe sikukiona.

Nitakwambia kitu ambacho sijakwambia, na usikiweke kwa mradi.

Si kwamba siamini daktari. Mama yako alipokuwa anaingia thieta kupasuliwa alinipa bangili zake nimshikie. Akasema nimwekee chai kwenye chupa, akitoka atakuwa na kiu. Akasema, "Si muda, Saleh." Nikaweka chai. Madaktari walifanya kazi yao, sina neno nao, siku yake ilikuwa imefika. Lakini mimi nilibaki kwenye benchi na ile chupa mapajani, na mtu alipokuja kuniambia, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba chai itapoa. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Sasa kila ukiniambia "nusu saa tu, Baba," namsikia yeye. Naogopa. Basi, nimesema. Mzee mzima na naogopa mlango.

Farasi wangu wa upande wa malkia ametoka zizini, anamwangalia askari wangu wa katikati.

Na hilo jino, ukimaliza mitihani uende ukaonane na daktari.

Babako,
Saleh


Maseno,
18 Oktoba 2024, jioni

Baba yangu,

Assalaamu alaykum. Wandera yuko nje anapiga honi, na mimi nimelia mpaka wenzangu wamekuja kuuliza nani amekufa. Hajafa mtu. Na hatakufa. Ningekuwa nimejua habari ya ile chupa nisingekusumbua kwa feltipeni.

Lakini sasa ndiyo nataka uende zaidi. Sitaki siku moja nije nikukute umeshona mkono mzima.

Nacheza sasa hivi. Ubao sijaupanga lakini naujua wote kichwani. Farasi wangu, yule uliyemfunga na Mburu, amemla yule askari wako wa katikati. Ndiyo, najua. Malkia wangu ameachwa wazi.

Fanya unavyotaka, Baba.

Khadi wako


Kondele,
26 Oktoba 2024

Mwanangu Khadijah,

Waalaykum salaam. Kidole kinapona, na Irungu kichwa chake kinapona, ingawa yeye analalamika zaidi.

Samahani nimekawia. Hapa hapajakalika. Tangu Wandera alete barua yako, meza yangu ya kukatia haijaona kitambaa. Watu wamegawanyika. Wa boda wanapiga kelele zao, wa nafaka wanapiga zao. Jana Irungu alinishika mkono kabisa, akawa ananionyesha kwa kidole, "Mzee, angalia hapa, angalia hapa!" Nikamwambia aketi, huu si mchezo wake. Akasema kama nitafanya ninachotaka kufanya, yeye hatanisemesha mpaka harusi. Alinisemesha baada ya chai.

Nimeuangalia ubao siku nyingi. Asubuhi, jicho la kulia likiwa bado na nguvu, nakaa mbele yake peke yangu kabla wateja hawajaja. Umeniwekea malkia mzima mdomoni. Sheria yangu unaijua.

Nimemla.

Babako,
Saleh


Maseno,
28 Oktoba 2024

Kwako Baba mpendwa, mla malkia,

Assalaamu alaykum! Natumai umekaa. Kama hujakaa, kaa.

Askofu wangu amemla askari wa ubavuni kwa mfalme wako. Cheki! Mfalme hawezi kumla, farasi wangu anamlinda. Ana njia moja tu ya kukimbilia, mbele yake, na akifika hapo farasi wangu wa pili anaruka katikati. Cheki tena. Angalia kulia, kushoto, nyuma. Hana pa kwenda. Mchezo umekwisha, Baba. Malkia alikuwa chambo.

Sasa unisamehe, lakini hii lazima niiandike kwenye mradi, bila jina. "Mzee S., fundi cherehani, mchezaji wa drafti. Chini ya presha ya hisia, mhusika alirudia mazoea yake ya zamani ya kula chochote kinachowekwa mbele yake, akashindwa kuona hatari." Ni mfano mzuri kuliko yote niliyopata kwa timu nzima ya chuo. Nitapata alama za juu kwa sababu yako.

Nimeshapanga siku na hospitali. Nitakuja mwenyewe. Nitakaa kwenye benchi nje ya ule mlango, na chupa ya chai nitaishika mimi. Usiogope, Baba. Au ogopa, lakini uje.

Mwanao mshindi,
Khadijah


Maseno,
20 Novemba 2024

Kwako Baba,

Assalaamu alaykum. Natumai jicho linaendelea vizuri tangu watoe bandeji, na unatia dawa, na huinami kuokota vifungo kama walivyokukataza. Baba Wangechi ameapa atakushtaki kwangu ukiinama.

Nina jambo, na limeninyima usingizi kweli, si mzaha.

Jana niliwasilisha mradi wangu mbele ya darasa. Nilipofika kwa Mzee S. nikaupanga mchezo wetu kwenye ubao mkubwa, hatua kwa hatua, barua moja baada ya nyingine. Watu walikuwa wanacheka vizuri sana. Nikafika mahali farasi wangu anamla yule askari wa katikati na kumwacha malkia wazi. Byron, kapteni wa timu yetu, akainua mkono. Akasema, "Ngoja. Farasi wa mzee si yuko pale?"

Nikaangalia. Baba, farasi wako alikuwa pale. Yule uliyemtoa kwenye barua ya chupa ya chai. Nilisoma barua ile mara nyingi lakini ule mstari wa mwisho ulipita machoni tu. Ungemla farasi wangu kwa farasi wako bila hasara yoyote. Mtego ungekufa hapo hapo, ningebaki nimepungukiwa, na kwa kelele zote zile za Kondele ungenimaliza polepole. Nilikosea, kosa la mtoto wa wiki ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nalia na Wandera anapiga honi.

Darasa likacheka mara mbili ya mwanzo. Msimamizi ameniambia nirudi niandike upya ni nani hasa aliyekuwa chini ya presha.

Niambie ukweli. Ulimwona farasi?

Mwanao,
Khadijah


Kondele,
25 Novemba 2024

Mwanangu Khadijah,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Angalia nimeandika kwa kalamu ya kawaida, herufi ndogo. Jicho la kushoto limefungua duka, na sasa linalicheka la kulia. Mwezi wa kwanza nalo linapelekwa.

Lakini kuona kuna taabu zake, hakuna aliyenionya. Ukuta wa duka langu miaka yote najua ni mweupe, kumbe ni wa kijani. Irungu amezeeka! Nilimwangalia nikataka kumpa pole. Naye akaniambia nijitazame kwa kioo kwanza, na nilipojitazama tukapeana pole wote wawili. Suti yake nimeitoa kabatini. Mkono mmoja ni nevi bluu na mwingine ni mweusi. Mimi nilisifu kile kitambaa mbele ya watu! Nimeufumua wote usiku huo huo kabla Rahab hajaona, sasa ninaushona upya, na sindano naitia uzi mara moja tu. Mara moja, Khadi. Nikiwa peke yangu natia na kutoa, natia na kutoa, kwa raha tu.

Ile siku ya hospitali kuna neno sikukwambia. Nasema sasa. Nilipotoka kwenye ule mlango ukanimiminia chai, na ilikuwa moto. Nilikunywa ikanichoma ulimi na sikutaka ipoe. Mama yako angefurahi na wewe.

Sasa swali lako. Irungu alimwona farasi. Boda wote walimwona, ndiyo kelele ilikuwa hiyo. Hata Wandera alimwona, na yeye hajui chesi, anajua Probox. Na mimi nilimwona kabla yao wote, kwa sababu ni mimi niliyemweka pale. Nilikaa naye asubuhi nyingi. Nikimla farasi wako, nimeshinda, na hutanitajia macho tena, na nitabaki hapa najishona polepole kwa amani. Nikimla malkia, inabidi niende kwenye mlango. Kula ni lazima, hilo silijadili na mtu. Lakini zikiwa njia mbili, mwenye kucheza anachagua. Kwenda kwa hiari nilishindwa, mwanangu. Nilitaka nishindwe mchezo ndipo nipelekwe.

Kwa hivyo uandike vizuri kwa mradi wako. Mzee S. hakuwa na presha. Presha yote ilikuwa Maseno.

Na jambo la mwisho. Walipotoa bandeji, kitu cha kwanza nilichoona sawasawa duniani ni shavu lako la kushoto. Limevimba, Khadi. "Jino liko sawa," ati! Unaniletea nusu saa, nusu saa, na wewe mwenyewe unamkimbia daktari wa meno tangu Ramadhani.

Tucheze tena. Safari hii naanza mimi. Nikishinda, unaenda kung'oa. Askari wa mbele ya mfalme wangu amesonga hatua mbili. Na usinitegee malkia, sasa naona.

Ukishinda wewe, utaenda pia. Chupa ya chai nimeshaiosha.

Babako,
Saleh